Sura ya Saba: Kibanda cha Njiani, Mbao na Maji

Kibanda cha mapumziko katika njia ya matembezi ya asili, yaani njia ya miguu inayopita msituni, mlimani au ufukweni kwa ajili ya watu wanaokwenda kutazama viumbe na mandhari, ni miongoni mwa majengo madogo kabisa ambayo msanifu huombwa kuyachora: nguzo nne au sita, paa, benchi, na pengine ukuta mmoja wa kuzuia upepo. Udogo huo huwadanganya wengi, kwa kuwa jengo hilo hukosa karibu kila kitu kinachoilinda nyumba ya kawaida. Halina mwenyeji wa kuona paa likianza kuvuja, halina barabara ya kufikishia vifaa, halina kuta za kuzikinga nguzo zake na mvua ya upande, na wanaolitumia hukaa humo nusu saa, wakaondoka, na wengi wao wasilione tena maishani mwao. Kibanda kilichopigwa picha siku ya uzinduzi kikiwa kinang'aa kwa vanishi hakijathibitisha lolote. Kipimo chake ni hali ya nguzo zake baada ya masika kumi.

Hoja inayotetewa katika sura hii ni kwamba uendelevu wa kibanda cha mbao, maana yake uwezo wake wa kuhudumu muda mrefu bila kuumaliza msitu unaokizunguka wala mifuko ya wanaokitunza, hutegemea uamuzi unaofanywa kabla msumeno haujaguswa. Mchoraji huamua ni sehemu zipi zitakazodumu, zipi zitakazokufa mapema, na iwapo zitakazokufa zitaweza kutolewa bila kuzivuruga zilizo hai. Aina ya mti na dawa ya kupaka, mambo ambayo kwa kawaida hujadiliwa kwanza, hufuata nyuma ya uamuzi huo.

Mazingira yatakayorejelewa zaidi ni ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, hasa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 kuzunguka eneo ambalo Wajerumani walilifanya kituo cha utafiti wa mimea tangu mwaka 1902. Njia za miguu huko hupita katika msitu wa mvua, zikatokea kwenye mashamba ya chai, zikapenya vijijini na kurudi tena msituni, hivi kwamba mtalii aliyetundika darubini shingoni hukutana kwenye kona ileile na mama aliyejitwika kuni na wanafunzi wanaotoka shule. Mvua ya mwaka hufika kama milimita 2,000, hewa ina unyevu karibu miezi yote, na mchwa hawana likizo. Kibanda cha mbao kitakachostahimili hapo kitastahimili karibu popote Afrika Mashariki.

Mahali na mwendo

Swali la kwanza ni umbali kati ya kibanda na kibanda, na jibu lake hupatikana kwa saa kabla ya kupatikana kwa kilomita. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: mtembeaji hukadiriwa saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kipande cha kilomita 2.5 kinachopanda mita 300 huchukua saa nzima, nusu kwa ajili ya urefu na nusu kwa ajili ya mwinuko, ingawa kwenye matope na joto la Usambara makadirio hayo ni ya ukarimu na mpangaji mwenye busara huyaongeza. Kibanda kimoja kwa kila saa moja hadi moja na nusu ya mwendo wa kupanda kinatosha. Kwenye miteremko na tambarare kinaweza kurukwa kabisa.

Uchache huo una sababu nyingine. Kila kibanda huwavuta watu mahali pamoja, na miguu ya watu huushindilia udongo hadi maji hayazami tena na miche haioti. Njia ya Appalachian ya Marekani, iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika mwaka 1937, ina zaidi ya vibanda 250 katika urefu wa takriban kilomita 3,500, vingi vikiwa vya kuta tatu na upande mmoja wazi, na wanaoitunza njia hiyo wamebishana kwa muda mrefu kama vibanda huuokoa msitu kwa kuwakusanya watu pamoja au huuharibu kwa sababu hiyohiyo. Pande zote mbili zina haki. Kinachoonekana ni kwamba uharibifu uliokusanywa kwenye mita chache za mraba, zilizochaguliwa kwa makusudi na kuwekewa changarawe, ni rahisi kuutunza kuliko uharibifu uliotawanyika kila penye kivuli.

Mahali penyewe huchaguliwa kwa kukataa zaidi kuliko kwa kukubali. Kingo za vijito hukataliwa kwa sababu ya mafuriko na ya usafi wa maji ambayo kijiji cha chini huyanywa. Vilele vya vilima hukataliwa kwa sababu ya radi, na inafaa kusemwa wazi kwamba kibanda kisicho na kuta hakimkingi mtu na radi hata kikiwa bondeni. Chini ya miti mikubwa yenye matawi makavu hukataliwa kwa sababu iliyo dhahiri. Penye mandhari nzuri, kibanda hurudishwa nyuma hatua kadhaa kutoka ukingoni, ili asiyetaka kukaa ndani alione bonde bila kuona bati.

Maji ndiyo adui

Mbao hazifi kwa uzee. Huozeshwa na kuvu, viumbe vinavyoula ubao kutoka ndani kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana, na kuvu hizo zinahitaji vitu vinne pamoja: chakula, ambacho ni ubao wenyewe, joto la wastani, hewa, na maji. Ubao wenye maji chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauwezi kuozeshwa kwa kawaida; hatari huongezeka kadiri unavyokaribia asilimia 30, kiwango ambacho kuta za chembe zake zimeshiba na maji huanza kukaa huru katika matundu yake. Mjenzi wa Usambara hawezi kupunguza joto wala kuondoa hewa, kwa hiyo anabaki na silaha moja, nayo ni kuhakikisha kwamba ubao unaolowa unapata nafasi ya kukauka kabla haujalowa tena. Nguzo za mbao zilizoibeba Venice kwa karne nyingi zinathibitisha jambo hilohilo kwa kinyume chake, kwani zimezama katika matope yasiyo na hewa ya kutosha na kuvu za kawaida haziwezi kufanya kazi huko.

Historia ya makanisa ya mbao ya Norway inafundisha zaidi kuliko kitabu chochote cha kemia. Makanisa ya mwanzo yalisimamishwa juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, na nguzo hizo zikaoza. Wajenzi waliofuata waliinua nguzo kutoka kwenye udongo na kuzisimamisha juu ya mihimili ya mbao iliyolazwa juu ya mawe, na ndiyo maana kanisa la Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12, bado limesimama. Mti haukubadilika, wala hakukuwa na dawa mpya iliyogunduliwa. Kilichobadilika ni kimo cha mguu wa nguzo.

Japani inatoa mfano unaoelekea upande mwingine. Nguzo za madhabahu ya Ise huchimbiwa ardhini moja kwa moja, kama zilivyofanywa tangu kale, nazo huoza kama inavyotarajiwa. Kwa hiyo madhabahu hiyo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013, na mafundi wazee huwafundisha vijana katika kila mzunguko. Wanaozungumzia uendelevu hupenda kuutaja mfano wa Norway na kuusahau wa Ise, ilhali njia zote mbili ni za kweli: jengo laweza kudumu kwa kutokufa, au kwa kufanywa upya na watu wanaojua namna ya kulifanya upya. Paa la makuti la pwani ya Waswahili ni mwanafunzi wa njia ya pili bila kuambiwa na mtu. Kibanda kizuri cha njiani huzichanganya njia hizo mbili, kikiwa na mifupa ya Borgund na ngozi ya Ise.

Mguu wa nguzo ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo vibanda vingi hufa. Desturi iliyozoeleka ni kuchimba shimo, kusimamisha nguzo na kuizungushia zege, kwa imani kwamba zege litaikinga. Ubao hunywea unapokauka, na baada ya kiangazi cha kwanza hubaki mwanya mwembamba kati yake na zege, ambamo maji ya mvua huteremka na kukosa pa kutokea, hivi kwamba nguzo husimama ndani ya kikombe. Ikitolewa, huwa imeoza shingoni, pale inapotoka kwenye zege au udongo, kwa kuwa hapo maji na hewa hukutana. Badala yake, nguzo husimamishwa juu ya kitako cha zege au cha jiwe kilichoinuka angalau sentimeta 30 juu ya ardhi, kimo ambacho matone yanayoruka kutoka kwenye udongo hayakifikii kwa wingi, na kati ya kitako na nguzo huwekwa kiatu, yaani kipande cha chuma kilichopakwa zinki chenye bamba la kuikalisha nguzo na ulimi unaoingia ndani yake na kufungwa kwa bolti. Chini ya bamba huachwa nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite. Kiatu chenye umbo la kopo kinachoizingira nguzo pande zote kinauzwa kwa wingi na hakifai, kwa sababu hiyohiyo ya kikombe. Ncha ya nguzo inayokalia bamba hupakwa nta au rangi nzito, kwani matundu ya mti hupita kwa urefu kama mirija na ncha iliyokatwa hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko ubavu.

Kitako hicho hufanya kazi ya pili dhidi ya mchwa. Mchwa wa ardhini hawapendi mwanga na hujenga vijia vya udongo, vile vya rangi ya hudhurungi vinavyoonekana ukutani, ili kufika kwenye chakula. Kitako kilicho wazi hakiwazuii, ila huwalazimisha kujenga njia yao mahali ambapo mkaguzi ataiona kwa jicho na kuibomoa kwa fimbo. Nguzo iliyochimbiwa ardhini huliwa kutoka chini kimyakimya mpaka siku mtu atakapoiegemea.

Sehemu inayobaki ya vita na maji hupiganwa na paa. Vibanda vya mbao vya kulala wageni vya Mandara na Horombo, katika njia ya Marangu ya Kilimanjaro, vilijengwa kwa msaada wa Norway kwa umbo la pembetatu ambalo paa lake hushuka karibu hadi chini, na paa likawa ndilo ukuta. Hilo ni jibu zuri kwenye mwinuko wa mita 2,700 na zaidi, ambako baridi ni adui wa pili. Kibanda cha kupumzikia cha Usambara kinahitaji kuwa wazi ili watu waone na hewa ipite, kwa hiyo upenu, yaani sehemu ya paa inayopita nje ya nguzo, ndio unaobeba wajibu huo. Mvua inayoanguka kwa mshazari wa nyuzi 45 huikosa nguzo kwa mita moja ya urefu kwa kila mita moja ya upenu, na kutokana na hesabu hiyo hufuata kwamba kibanda chenye upenu wa mita moja na ukingo wa paa ulioshuka hadi mita mbili kutoka ardhini bado huacha nusu ya chini ya nguzo ikilowa katika dhoruba. Ushauri unaofuata hauwafurahishi wachoraji wa kisasa wanaopenda paa jembamba lililoinuka kama bawa: paa liwe la chini, lenye mteremko mkali, na lenye upenu mpana kuliko inavyopendeza kwenye karatasi.

Upande uliofungwa huelekezwa kwenye upepo wa mvua. Usambara Mashariki hupokea unyevu wake kutoka Bahari ya Hindi, na kusi, pepo zinazoanza kuvuma wakati wa masika, hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mgongo wa kibanda hutazama huko isipokuwa pale ambapo bonde lenyewe hugeuza upepo. Wazee wa kijiji kilicho karibu hulijua hilo bila chombo chochote, na kuwauliza kabla ya kupima ni nafuu kuliko kujenga ukuta wa pili baadaye.

Kuhusu kifuniko, bati lina sifa ya uimara na kasoro ya kelele, kwani mvua ya Amani juu ya bati tupu huwanyima watu nafasi ya kusemezana. Vigae vya mbao vilivyopasuliwa hupendeza na hukaa vizuri iwapo mteremko unazidi nyuzi 30 na majani hayarundikani juu yake. Makuti huhitaji mteremko wa nyuzi 40 hadi 45 na minazi iliyo karibu, ambayo milimani haipo. Bati lililopakwa rangi ya kahawia iliyokolea, likiwekwa juu ya mbao nyembamba zinazopunguza kelele, ni uchaguzi wa kawaida usiopata tuzo za usanifu na unaofaa mara nyingi.

Mti gani, na kutoka wapi

Mafundi seremala wa Tanga wakiulizwa mti usiooza hutaja mvule na mninga, na hawakosei, ila miti hiyo imevunwa kwa pupa kwa miaka mingi na kuileta kwenye kibanda cha hifadhi ni kuula msitu mmoja kwa ajili ya kuutazama mwingine. Mkulo, mti wa kafuri wa milima ya Usambara na Kilimanjaro, uko katika hali hiyohiyo. Jibu la karibu zaidi kwa Amani liko chini ya milima yenyewe, katika shamba la misaji la Longuza wilayani Muheza, ambako msaji, ambao wauza mbao wengi huuita mtiki, hupandwa na kuvunwa kwa mpango chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Moyo wa msaji, yaani sehemu ya kati yenye rangi iliyokolea, una mafuta na kemikali za asili zinazowachukiza kuvu na mchwa. Sehemu ya nje iliyo nyeupe haina kinga hiyo, si kwa msaji wala kwa mti mwingine wowote, na mnunuzi anayelipia msaji kisha akapokea mbao zenye ukanda mweupe pembeni amelipia sifa ambayo hakuipata.

Msindano, unaolimwa kwa wingi katika shamba la Sao Hill huko Mufindi na mashamba mengine ya serikali na ya watu binafsi, ni nafuu na hukua haraka, lakini nje ya nyumba hauishi bila dawa. Dawa inayotumika zaidi kwenye nguzo Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, unaosukumwa ndani ya ubao kwa shinikizo na kuupa rangi ya kijani. Hufanya kazi vizuri mno. Tatizo lake ni aseniki, ambayo ni sumu, na Marekani ilisitisha matumizi yake kwenye mbao za makazi na viwanja vya watoto mwishoni mwa mwaka 2003. Kwenye njia ya asili hatari kubwa zaidi haiko kwenye kugusa, iko kwenye moto, kwani kipande cha kijani kilichobaki baada ya ujenzi huokotwa na kupikiwa chai, na majivu yake hubeba aseniki. Nguzo za namna hiyo zikitumika, kila kipande kilichokatwa lazima kihesabiwe na kurudishwa bondeni. Oili chafu ya injini, ambayo hupakwa nguzo za uzio kote nchini kwa kuwa haigharimu kitu, haipenyi ndani ya ubao kwa kina cha kutosha, husombwa na mvua na kuishia kwenye udongo na vijito. Ndani ya hifadhi haina mahali.

Upo mti mmoja ambao Amani ingefaidika kuukata. Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, uliletwa Usambara kutoka misitu ya magharibi zaidi katika karne ya 20, ukapata mapengo yaliyoachwa na uvunaji wa magogo, na hondohondo wakazitawanya mbegu zake hadi ukawa mvamizi ndani ya msitu wa asili. Mbao zake ni nyepesi, hupigwa randa kwa urahisi na hazistahimili unyevu. Kuuvuna, kwa kibali cha wenye hifadhi, kwa ajili ya pao za paa, mbao za dari na sehemu zote zilizo ndani ya kivuli cha upenu ni njia ya kupata mbao huku msitu ukiponywa, maadamu mchoraji anajua kuzitofautisha sehemu kavu na sehemu zinazolowa. Mtu anayetumia musizi kwa mguu wa nguzo atakuwa ameonywa.

Pwani ilikuwa na jibu lake la kale. Boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba kwa karne nyingi kwa sababu mchwa hawazipendi, na upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Waswahili, karibu mita tatu au pungufu kidogo, ulipimwa kwa urefu wa boriti. Leo mikoko inahesabiwa zaidi kwa kazi yake ya kuilinda pwani na mazalia ya samaki, na njia ya matembezi inayopita mikokoni haina sababu ya kujengwa kwa mikoko.

Hesabu ya hewa ya ukaa, inayopendwa sana katika maandiko ya wafadhili, haihitaji muda mwingi. Mita moja ya ujazo ya msaji ina takriban kilo 300 za kaboni, sawa na tani 1.1 za hewa ya ukaa iliyohifadhiwa; kibanda chenye mita mbili za ujazo kitahifadhi kiasi ambacho mtalii mmoja aliyesafiri kwa ndege kutoka Ulaya na kurudi anaweza kukifuta peke yake. Mbao ni bora kuliko zege kwa sababu nyingine zilizo karibu zaidi: hubebwa na watu, hukarabatiwa na fundi wa kijijini, na zikiharibika huondolewa bila nyundo ya mashine.

Kubeba na kuunga

Njia isiyopitisha gari ndiyo inayoamua vipimo. Ubao wa msaji wa sentimeta 5 kwa 15, wenye urefu wa mita 4, una uzito wa karibu kilo 20, ambao ndio mzigo wa juu unaoruhusiwa kwa mpagazi wa Kilimanjaro siku hizi. Nguzo ya sentimeta 15 kwa 15 yenye urefu wa mita 2.7 hukaribia kilo 40 na huhitaji watu wawili na njia isiyo na kona kali. Mchoro ambao haukufanyiwa hesabu hiyo huishia kwa mbao kukatwa katikati ya msitu, kelele, vumbi la mbao kwenye vijito, na vipande visivyolingana. Kibanda huundwa kizima kwenye karakana bondeni, vipande vikaandikwa alama, vikafunguliwa, vikapandishwa na wanakijiji kwa malipo ya haki, kisha vikaunganishwa tena kwa spana na nyundo ya mbao.

Kinachoruhusu jambo hilo ni bolti. Msumari hushika kwa nguvu siku ya kwanza, kisha ubao hunywea na kuvimba kwa majira hadi msumari unalegea, na siku ya kubadilisha ubao mmoja mafundi hulazimika kupasua miwili. Viungo vya kuchonga, ambapo ulimi wa mhimili huingia kwenye tundu la nguzo, ni vizuri ndani ya kivuli cha paa, lakini penye mvua tundu hugeuka kuwa bakuli. Kwa hiyo viungo vya nje hupishanishwa ubavu kwa ubavu, hufungwa kwa bolti zilizopakwa zinki, na kuachiwa nafasi ndogo kwa bamba la chuma ili nyuso mbili za mbao zisigandamane na kushika maji.

Hapo ndipo huingia ubao wa kafara, yaani kipande kinachowekwa kwa makusudi ili kiliwe na jua na mvua badala ya mwenzake. Ncha za mihimili ya paa zinazotokeza nje hufunikwa kwa ubao wa ukingo uliokazwa kwa skrubu nne. Ubao wa juu wa uzio hulazwa kama kofia yenye mteremko, na chini ya ukingo wake huchongwa mfuo mwembamba ambao tone la maji likiufikia hudondoka badala ya kurudi ndani. Vipande hivyo huchongwa kwa mbao nafuu, hutengenezwa vya ziada mwanzoni kabisa na kuhifadhiwa ghalani, kwa sababu miaka mitano baadaye hakuna atakayekumbuka kipimo.

Wanaokaa na wanaokagua

Benchi hufikiriwa kuwa jambo dogo, ilhali ndilo sababu ya kibanda kuwapo. Kimo cha sentimeta 45 kinamfaa mtu mzima, mbao zake huachiwa mwanya wa milimita 8 hivi ili maji yapite, na uso wake huinamishwa kidogo. Kinachosahaulika ni mzigo. Nepali, ambako wapagazi hubeba kwa mgongo na mkanda wa kichwani, vituo vya mapumziko vya njiani vyenye miti ya kivuli huwa na jukwaa la mawe lenye kimo kinachomwezesha mtu kuukalisha mzigo bila kuinama. Usambara mzigo uko kichwani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilikuwa na mizigo ya karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na aliyeitua chini peke yake alihitaji mtu wa kumtwika tena. Rafu imara iliyofungwa kati ya nguzo mbili kwenye kimo cha mita 1.3, ambapo mama mwenye kuni anaweza kusogeza mzigo kutoka kichwani bila kuomba msaada, hugharimu ubao mmoja, na hukifanya kibanda kiwe mali ya kijiji pia. Kibanda ambacho wanakijiji wanakitumia hulindwa. Kile kinachoonekana kuwa cha wageni hupoteza mbao zake moja baada ya nyingine hadi zionekane kwenye mazizi.

Pipa la taka halifai kuwekwa humo, hata wageni wakiliomba. Kima na ngedere hujifunza kulifungua kwa siku chache, na mnyama aliyezoea kupekua hatimaye humnyang'anya mtoto chakula. Kunguru wa shingo nyeupe wa Horombo ni ushahidi wa kutosha. Kilichopandishwa na mtu hushushwa na mtu huyohuyo.

Ukaguzi hufanywa mara moja kwa mwaka, baada ya masika, na hauhitaji mhandisi. Mlinzi wa hifadhi au kijana wa kijiji aliyefundishwa kwa nusu siku huchoma bisibisi kwenye miguu ya nguzo, kwenye ncha za mihimili na chini ya benchi. Ubao mzima hukataa, uliooza humeza ncha ya bisibisi bila ukinzani. Huvunja vijia vya mchwa, hukaza bolti zilizolegea kwa sababu ya kunywea kwa mbao, hufagia majani kwenye paa, na kuandika kwenye daftari ni kipande kipi cha kafara kinachohitaji mrithi. Baada ya miongo kadhaa viatu vyenyewe vitaliwa na kutu. Hapo bolti hufunguliwa, mbao zenye moyo mzima hushushwa bondeni zitumike tena, vitako hung'olewa na mahali pakaachiwa miche ya msitu. Na kwa kuwa kazi hiyo huhitaji mabega mengi sawa na ya kupandisha, malipo ya wabebaji wa kushusha huandikwa katika bajeti ya kwanza kabisa, kwenye mstari unaofuata malipo ya wabebaji wa kupandisha.